IST iliyogoma kupanda Makongo: uchambuzi wa kisa cha gari kukosa nguvu mlimani

Dar es Salaam ni jiji linaloficha ubovu wa magari. Mtu anayekaa Mikocheni na kufanya kazi Posta anaweza kuendesha gari bovu mwaka mzima asijue, maana njia yake yote ni tambarare na nusu yake ni foleni. Kwenye tambarare injini haiombwi zaidi ya sehemu ndogo ya nguvu zake. Siku akialikwa harusi Goba, au akianza kupanda vilima vya Pugu kuelekea Kisarawe, ndipo mambo yanapojitokeza. Kwa hiyo mteja akiniambia gari "limeanza" kukosa nguvu wiki iliyopita, huwa namuuliza kwanza wiki iliyopita alipita wapi.

Mwenye gari la kisa hiki ni mwalimu mstaafu anayekaa Makongo Juu, hivyo kilima kwake ni cha kila siku. Gari ni Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE, petroli, sentimita za ujazo 1,496, giaboksi ya otomatiki. Kutoka mjini hadi Mlimani City lilikuwa linakwenda vizuri. Akishapita Chuo Kikuu Ardhi na kuanza kupanda, gari linalegea. Anakanyaga mafuta mpaka chini, giaboksi inashusha gia, injini inaunguruma kwa sauti nzito iliyobanwa, lakini mshale wa mizunguko haupiti 3,000, na spidi inashuka hadi bajaji zinampita. Asubuhi injini ikiwa ya baridi hali ilikuwa afadhali. Jioni, gari likiwa limeshakaa kwenye foleni na ndani kuna abiria na kiyoyozi, ilibidi azime kiyoyozi ndipo afike nyumbani.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Fundi, mimi sitaki uniambie ninunue nini. Nimeshanunua vya kutosha. Soma hili kwanza."

Akanipa daftari la shule lenye jalada la bluu. Kila kilichofanyiwa gari lile kilikuwa humo kwa mwandiko wa ubaoni: tarehe, kilometa, kifaa kilichobadilishwa, na alichoambiwa na fundi. Natamani kila mwenye gari angekuwa nalo. Kwa ufupi, historia ilikuwa hivi. Miezi kadhaa nyuma injini ilianza kutetemeka na taa ya injini ikawa inapepesa. Gereji ya kwanza ikasoma kompyuta, ikapata msimbo P0303, ikabadilisha plagi zote nne na kufuta msimbo. Mtetemo ukarudi. Katikati ya hapo ukatokea msiba Morogoro, akaenda na kurudi na gari hilo hilo likitetemeka, kwa sababu msiba hausubiri gereji. Aliporudi ndipo ikabadilishwa koili ya silinda ya tatu, kile kifaa kinachoipa plagi moto wake, mtetemo ukaisha, kila mtu akafurahi. Kisha, pole pole, nguvu ikaanza kupungua mlimani. Ikabadilishwa chujio la hewa. Ikabadilishwa pampu ya mafuta. Ikabadilishwa oili ya giaboksi. Akahama na sheli, kwa kuwa jirani alimhakikishia kwamba amewekewa mafuta yaliyochakachuliwa. Ukurasa wa mwisho aliandika maneno mawili: "Ameshauriwa: auze."

Hakuna hata kimoja kati ya vile kilichokuwa wazo la kijinga. Kila kimoja kinaweza kuliangusha gari mlimani. Tatizo ni kwamba vilinunuliwa kwa kukisia, na gari likapimwa likiwa limesimama kivulini. Injini ikiwa sailensa, yaani inazunguka bila mzigo, pampu chovu huonekana nzima, koili inayokufa huonekana nzima, na bomba lililoziba nusu huonekana halina neno. Gari linalougulia mlimani lipimwe mlimani, na kabla ya kugusa spana ujiulize linakosa nini kati ya vitu vinne: hewa ya kuingia, mafuta, moto wa plagi, au njia ya moshi kutoka. Cha tano, ambacho si injini kabisa, ni kama nguvu ipo lakini inapotelea njiani, kwenye giaboksi au kwenye breki zilizong'ang'ania.

Hicho cha tano nilikimaliza haraka. Giaboksi inayoteleza hupandisha mizunguko wakati gari halisogei: injini inalia 4,500 na spidi iko palepale. Hapa ilikuwa kinyume chake, mizunguko yenyewe ndiyo iliyogoma kupanda. Breki nazo zilipimwa kwa kuweka gia huru kwenye mteremko mdogo, gari likaserereka lenyewe, na rimu zote zilikuwa na joto la kawaida. Nikaangalia pia zulia la miguuni. Usicheke. Zulia nene la kununua barabarani likijikunja chini ya pedeli ya mafuta, dereva anadhani amekanyaga mpaka mwisho kumbe amefika katikati. La mwalimu lilikuwa jembamba na pedeli ilifungua throto yote, yaani mlango wa hewa wa injini.

Baada ya hapo nikachomeka mashine kwenye soketi iliyo chini ya usukani. Msimbo haukuwepo hata mmoja na taa ya injini ilikuwa imezima. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, au hurudi kwenye kukisia. Lakini kompyuta ya gari huwasha taa pale tu thamani fulani inapovuka mpaka iliowekewa, na injini inaweza kupoteza karibu nusu ya nguvu zake bila kuvuka mpaka wowote. Mashine ile ile inayosoma misimbo inaonyesha pia data ya wakati ule ule injini inapofanya kazi, na ndiyo niliyoitaka.

Tukapanda kilima, mwalimu akiendesha, mimi nikiwa kiti cha pembeni na mashine mapajani. Namba ya kwanza niliyoifuatilia ni ya sensa ya hewa, ile inayopima gramu za hewa zinazoingia injini kila sekunde. Namba hii ina faida moja kubwa: unaweza kuikadiria mwenyewe kwa kalamu, bila kitabu cha mtengenezaji. Injini ya mipigo minne huvuta ujazo wake wote mara moja katika kila mizunguko miwili. Injini ya lita 1.496 basi huvuta lita 0.748 kwa kila mzunguko. Kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika hiyo ni lita 2,244 kwa dakika, sawa na lita 37.4 kwa sekunde. Hewa ya Dar, usawa wa bahari na joto la nyuzi 30 hivi, ina uzito wa karibu gramu 1.15 kwa lita. Zidisha, unapata gramu 43 kwa sekunde, kama silinda zingejaa kikamilifu. Hazijai kikamilifu, injini nzima ya aina hii, throto ikiwa wazi yote, hujaza kama asilimia 80 hadi 90. Kwa hiyo nilitegemea kuona kati ya gramu 35 na 38.

Niliona 19.

Mwalimu, ambaye alifundisha hesabu miaka yake yote, aliniomba nirudie mahesabu tuliposimama juu ya kilima. Akayaandika. "Kwa hiyo inajaza chini ya nusu," akasema. Ndiyo, asilimia 44.

Hapo kuna mambo mawili tu. Ama hewa kweli haiingii, ama sensa inadanganya kwa kusoma chini ya kiwango. Kuyatenganisha si kazi ngumu. Kompyuta hupima mafuta kwa kuiamini sensa ya hewa. Sensa ikisema hewa ni kidogo wakati kwa kweli ni nyingi, kompyuta inatoa mafuta pungufu, mchanganyiko unakosa petroli, na sensa ya oksijeni kwenye egzosi, yaani bomba la moshi, inapiga kelele. Marekebisho ya mafuta ambayo kompyuta hujifunza yenyewe yangekuwa yamepanda asilimia 15, 20, au zaidi. Ya gari hili yalikuwa ndani ya asilimia 5, na tulipokanyaga mafuta yote mlimani sensa ya kwanza ya oksijeni ilisimama kwenye volti 0.85, dalili ya mchanganyiko wenye petroli ya kutosha. Sensa ya hewa ilikuwa inasema kweli.

Kipimo hicho kimoja kiliiondolea lawama pampu pia, maana pampu dhaifu ingeshusha ile volti hadi karibu na sifuri. Hata hivyo nilitaka mwalimu aione kwa macho yake, kwa kuwa pampu ndiyo iliyomgharimu zaidi. Nikafunga geji ya presha kwenye bomba la petroli, nikaipitisha nje ya boneti na kuibana kwenye kioo cha mbele, tukapanda tena. Mfumo wa 1NZ-FE hutakiwa kuwa na presha ya kati ya psi 44 na 50. Mshale ulikaa 46 kuanzia chini hadi juu. Kuhusu mafuta ya kuchakachua, sitasema hayapo. Lakini tangu mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilipoanzisha kuweka vinasaba (alama ya kemikali) kwenye mafuta ya soko la ndani, mchezo wa kuchanganya petroli na mafuta ya taa umekuwa mgumu kuliko zamani, na petroli mbaya ingefanya injini igonge au imisi, yaani silinda ishindwe kuwaka. Hii haikugonga wala kumisi. Ilikuwa inabanwa tu.

Moto nao ulikuwa safi, kaunta za kumisi kwenye mashine zilisoma sifuri kwa silinda zote nne. Basi ikabaki hewa kuingia au moshi kutoka. Nilifungua boksi la chujio la hewa na mrija wake wote mpaka kwenye throto, nikitafuta mfuko wa plastiki au kiota cha panya. Vyote nimeshawahi kukuta, na chujio jipya halisaidii kitu kama panya amejenga upande wa pili. Kulikuwa wazi.

Moshi, basi. Injini isiyoweza kutoa moshi haiwezi kuvuta hewa mpya, kwa sababu silinda inabaki na mabaki ya moshi wa zamani. Ni sawa na mtu anayejaribu kuvuta pumzi kabla ya kumaliza kuitoa. Geji ya vakyumu, inayopima nguvu ya injini kuvuta hewa, iliyofungwa kwenye manifoldi ya hewa ilisoma inchi 19 za zebaki kwenye sailensa, na hiyo ni nzuri. Nilipoipandisha injini hadi mizunguko 2,500 na kuishikilia hapo, mshale ulikaa vizuri kwa muda, kisha ukaanza kushuka taratibu, 17, 15, 13, bila mimi kugusa kitu. Kushuka huko kwa taratibu ndiko kunakoonyesha presha inajilimbikiza nyuma ya injini.

Bado hicho ni kipimo cha pembeni. Kipimo cha moja kwa moja ni kufungua sensa ya kwanza ya oksijeni, egzosi ikiwa ya baridi, na mahali pake kufunga geji ya presha ndogo. Egzosi nzima kwenye mizunguko 2,500 haitakiwi kuzidi psi 3, na nyingi hukaa chini ya 1.5. Hii ilipita 6. Asiye na geji anaweza kuiacha sensa hiyo nje na kuendesha gari mita chache tu: likipata nguvu ghafla, pamoja na kelele za kutisha, jibu limepatikana. Ila gesi inayotoka kwenye tundu hilo ni ya moto sana, usiruhusu ielekee kwenye waya, mpira, au bomba la petroli. Mimi napendelea geji.

Tukashusha bomba la mbele. Masega, ule mkebe wenye matundu madogo ya kauri unaosafisha moshi, yalikuwa yameyeyuka upande wa mbele na kuwa donge linalong'aa. Tochi niliyoiweka upande mmoja ilionekana upande wa pili kwa mwanga mwembamba wa pembeni tu. Hiyo inaeleza pia kwa nini jioni ilikuwa mbaya kuliko asubuhi: moshi wa moto huchukua nafasi kubwa zaidi, na vipande vilivyolegea ndani ya mkebe huhama na kuziba hata kile kijia kilichobaki.

Fundi mwingine angeishia hapa. Lakini masega hayafi kifo cha namna hii bila kuuawa, na muuaji alikuwa kwenye ukurasa wa pili wa daftari. P0303 maana yake silinda ya tatu inamisi. Silinda inayomisi haichomi petroli yake. Inaitupa mbichi kwenye egzosi pamoja na hewa yake. Petroli hiyo ikikuta masega yenye joto, inawaka humo ndani. Katika kazi ya kawaida masega hukaa nyuzi joto 400 hadi 800. Petroli mbichi ikiwaka ndani yake joto linaweza kupita nyuzi 1,400, na hapo kauri inaanza kuyeyuka. Safari ya Morogoro na kurudi, kwa mwendo wa barabara kuu, ilitosha kabisa. Ile taa iliyokuwa inapepesa ilikuwa inasema hasa jambo hilo. Taa ya injini ikiwaka bila kupepesa, mara nyingi unaweza kufika gereji taratibu. Ikipepesa, maana yake injini inamisi kiasi cha kuunguza masega, toa mguu kwenye mafuta, tafuta mahali salama, simamisha gari. Ingekuwa juu yangu ningeiandika kwenye dashibodi.

Koili iliyobadilishwa nikaipima kabla ya kununua chochote. Kufunga masega mapya kwenye injini inayoweza kumisi tena ni kuchoma pesa. Koili ya tatu ilikuwa ya bei poa, isiyo na chapa yoyote, na ilipopata joto moto wake ulikuwa dhaifu kuliko wa wenzake watatu. Bado haijaanza kumisi, lakini ilikuwa njiani. Tukaibadilisha. Kiwango cha oili hakikuwa kinashuka kati ya huduma, kwa hiyo hofu ya injini inayokula oili na kuchafua masega niliiweka kando.

Hapo mjadala ukaanza. Mwalimu alikuwa ameambiwa mtaani kwamba dawa ni kutoboa masega, mkebe unabaki mtupu, gari linakimbia na pesa inabaki mfukoni. Ni kweli gari linakimbia. Lakini moshi wake unatoka bila kusafishwa, unanuka, na unaingia ndani ya gari mkikaa foleni vioo vikiwa wazi. Sensa ya pili ya oksijeni inagundua na kuwasha taa kwa msimbo P0420, yaani masega hayasafishi moshi. Na kuanzia siku hiyo taa ya injini inakuwa pambo. Nadhani hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote. Gari lililopata hasara kwa sababu ya onyo lililopuuzwa halihitaji tena taa inayowaka siku zote. Mwalimu akasema amewahi kufundisha darasa la aina hiyo, mtoto mmoja anapiga kelele kutwa mpaka husikii mwingine anaposema kweli.

Tukaenda Gerezani, kwenye maduka ya vipuri, kutafuta masega yaliyotumika, yaliyotoka kwenye gari la Japani la injini hiyo hiyo. Mapya halisi yalikuwa juu ya uwezo wake. Ukinunua yaliyotumika, usiyachukue yakiwa yamefungwa kwenye karatasi. Mulika tochi, uone matundu yote yakipitisha mwanga sawasawa. Tikisa mkebe karibu na sikio. Kikilia kitu ndani, rudisha. Nusa na utazame uso wa mbele: ukiwa na masizi meusi yenye mafuta, ulitoka kwenye injini iliyokuwa inakula oili. Na mkebe wako wa zamani usiuache dukani kama takataka. Ndani yake kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, wanunuzi wake wapo, na ni mali ya mwenye gari. Wa mwalimu ulipunguza bei ya ule mwingine.

Baada ya kufunga, presha kwenye tundu la sensa ilishuka hadi psi 2. Ndani ya kiwango, ndiyo, lakini haikunifurahisha, na mlimani sensa ya hewa ilisoma gramu 31 kwenye mizunguko 3,000. Gari lilikuwa linapanda na mwalimu alikuwa tayari kulipa aondoke. Mimi nilitegemea 35. Nikagonga sailensa ya nyuma, ule mkebe wa egzosi unaopunguza kelele, kwa kiganja, ikalia kama ina kokoto. Vipande vya kauri vilivyovunjika hubebwa na moshi kurudi nyuma, na sailensa ndiyo inayovikamata. Hilo ni jambo jingine ambalo wanaotoboa masega kwa nondo huwa hawalisemi. Tuliishusha, tukamwaga kilichokubali kutoka, lakini kuta za ndani zilikuwa zimeshajaa, ikabidi ipatikane nyingine.

Kipimo cha mwisho kilikuwa gramu 36 kwa sekunde, mizunguko ikipita 3,000 bila kusita na kuendelea hadi 5,000 giaboksi ilipobadilisha gia yenyewe. Presha ya egzosi kwenye 2,500 ilikuwa chini ya psi 1. Nilimwomba arudi atakapobadilisha oili, nisome tena marekebisho ya mafuta na kaunta za kumisi za silinda ya tatu. Alirudi. Marekebisho yalikuwa asilimia 3, kaunta zote sifuri, na sensa ya pili ya oksijeni ilikuwa imetulia, kwa hiyo masega yaliyotumika yalikuwa yanafanya kazi. Pampu ya zamani, ambayo haikuwa na kosa lolote, alikuwa bado anayo kwenye buti. Nilimshauri asiitupe; ile mpya si halisi, na siku ikimwangusha ataihitaji.